Kurasa Kumi na Nne za Fundi Tobia

Daftari lilifika ukurasa wa kumi na moja, na Tobia alikuwa bado yuko mwaka wa themanini na tatu. Jenoveva akaweka kalamu chini, akanyoosha vidole, akamtazama mumewe aliyekuwa akitembea toka mlangoni mpaka mezani kama mtu anayehubiri. Kalamu yenyewe ilikuwa ya mtoto wa shule, imetafunwa kisogo, na ilishaanza kutapika wino.

"Hao wote lazima niwaandike?" akauliza.

"Walikuwepo," Tobia akasema.

"Kassimu nimeshamwandika mara saba."

"Basi alikuwepo mara saba. Andika ya nane."

Jenoveva akaandika ya nane. Angefanyaje? Shamba la chai la Kwemtindi lilikuwa limeuzwa. Wenye mali wapya walikuja na gari jeupe na kopo la rangi, wakapaka nambari kwenye milango ya nyumba za wafanyakazi kama mtu anayehesabu mbuzi, kisha wakabandika tangazo. Kazi ya kudumu hakuna tena. Anayetaka kazi ataipata kwa mkataba, na mkataba unapitia kwa wakala, pale Soni. Fundi atakayepewa mkataba atabaki na nyumba. Asiyepewa atoke mwisho wa mwezi na aache mlango mzima.

Kwa wenyeji wa milimani, tangazo lile lilikuwa baya lakini lilikuwa na pa kushikia. Mshambaa akifukuzwa kambini anapandisha kilima, anafika kwao, anakuta migomba na mama. Tobia kwao ni Njombe. Alitoka huko ndevu hazijaota, na shamba la baba yake lilishagawanywa kwa ndugu na watoto wa ndugu mpaka likabaki kama leso. Nje ya vile vyumba viwili vyenye nambari ya rangi nyekundu mlangoni, yeye na Jenoveva na watoto wao wanne hawakuwa hata na msumari wa kutundikia sufuria.

Na wakala alitaka sivii. Kambi nzima haikuwa imewahi kuisikia. Kuna mmoja aliyeuliza kama inachomwa mkononi au makalioni. Ilipokuja kujulikana kwamba ni karatasi tu, ya kumweleza mtu kazi alizozifanya, watu wakashusha pumzi. Kazi walikuwa nazo tele.

Shida ya Tobia ilianzia hapo. Yeye alikuwa wa zamu ya moto, yaani wale wa boila na kikaushio cha majani, na zamu ya moto ilikuwa na sheria ambayo hakuna meneja aliyeiweka. Fundi akisema "mimi nilitengeneza," alitozwa kilo ya sukari kwa ajili ya birika la zamu. Iliitwa Faini ya Mimi. Boila haishikwi na mtu mmoja: huyu anafungua valvu, yule anatazama geji, wa tatu yuko na kuni, na ngozi za wote ziko mikononi mwa wote. Rajabu alikufa kwa mvuke siku ambayo mtu mmoja alifungua valvu bila kuwaita wenzake. Tangu siku hiyo sheria ikawa kali, na wanaume wazima wenye watoto waliogopa kusema mimi kama wengine wanavyoogopa kutaja jina la mkwe.

Kwa hiyo sivii ya Tobia haikusema kwamba Tobia alibadilisha beringi ya feni kubwa. Ilisema kwamba feni ilikuwa inalia, kwamba Kassimu wa Vuga ndiye aliyeweka bisibisi sikioni akasema ni beringi ya kushoto, kwamba Hezekia na Alphonce waliishusha kwa minyororo, kwamba marehemu Rajabu alikwenda Tanga na kurudi na beringi mpya shingoni kama mkufu, na kwamba Tobia alikuwepo, akafunga nati. Hivyo hivyo kila kazi, kila mwaka. Jenoveva, ambaye alimaliza darasa la saba na mwandiko wake ulishawahi kubandikwa ukutani, aliandika yote kwa herufi za kulala vizuri. Zikawa kurasa kumi na nne.

*

Wakala aliitwa Elinuru. Ofisi yake ilikuwa chumba nyuma ya duka la mbolea, na sivii zote zilizotoka mle zilinuka mbolea. Alikuwa kijana wa Kipare mwenye shati jeupe na kalamu tatu mfukoni, moja tu ikiandika. Alimwamkia Tobia shikamoo kwa adabu zote, halafu akamuumbua kwa adabu hizo hizo.

Alizichukua kurasa, akazipima mkononi kama muuza nyama.

"Mzee wangu, hii ni ya kusoma au ya kuwashia?"

Watu wa kwenye foleni wakacheka. Wale wa nyuma ambao hawakusikia wakacheka pia ili wasionekane wageni.

Elinuru hakuwa mtu mbaya, na alilolisema lilikuwa na akili. Alieleza kwamba mtu wa kampuni ana karatasi za namna ile rundo zima, na kila moja anaipa muda wa kupenga kamasi. Aliyekaa mahali pamoja na kazi moja, ukurasa mmoja unamtosha. Fundi wa mikataba, aliyepita kwenye kazi nyingi, kurasa mbili, maana lazima kila kazi ionekane. Lakini ya tatu haifunguliwi. Ya zaidi ya miaka kumi nyuma yatupwe, kwa sababu hata mashine zake zimeshakuwa masufuria. Kisha akafunua katikati, akasoma kidogo, akakunja uso.

"Na haya majina? Unaomba kazi au unatafuta mashahidi?"

"Ni watu niliofanya nao," Tobia akasema.

"Wao wataleta za kwao. Hapa tunakutaka wewe. Wewe ulifanya nini?"

Mgongoni mwa Tobia kulikuwa na watu wawili wa zamu ya moto waliokuwa kwenye foleni, na alisikia pumzi zao.

"Mzee, mimi ndiye ninayekwenda kukusemea kule," Elinuru akasema taratibu. "Kurasa mbili nitazisema. Kumi na nne siwezi, nitasahau hata jina lako." Akamgeukia Jenoveva, aliyekuwa amemsindikiza mumewe. "Nani ameandika, ni mtoto?"

"Ni mimi."

"Una mwandiko mzuri sana, mama. Sasa ukipata na ufupi utakuwa umekamilika."

Walirudi Kwemtindi kwa miguu, kilima chote. Kwenye kona ya mikaratusi Tobia alisimama, akajifanya anatoa kijiwe kwenye kiatu. Kiatu kilikuwa na matundu mawili makubwa. Kijiwe kingetoka chenyewe.

*

Kukata, alikata Jenoveva. Tobia alikataa. Alikwenda kukaa nje kwenye gogo, akaupa mlango mgongo, akasema, "Kata wewe. Mimi siwezi kuwatoa watu."

Basi mwanamke akainama juu ya meza kama anayechambua mchele. Akamtoa Hezekia. Akamtoa Alphonce. Kassimu alisumbua, maana ukimvuta Kassimu unaanguka ukurasa mzima, lakini naye akatoka. Alipofika kwa Rajabu kalamu ilikataa. Akaitikisa, akaipulizia, akaiandikia kiganjani. Mwisho akajisemea kimoyomoyo kwamba Rajabu hahitaji nyumba, akaona aibu, akamfuta hivyo hivyo na aibu yake.

Kilichobaki kilikuwa kizuri mno. Pale palipokuwa na watu saba, usiku wa mvua, tope la kiunoni, na ugomvi juu ya nani ameketi kwenye spana, sasa paliandikwa: "Nilifufua boila baada ya maji ya korongo kuingia kiwandani, na kiwanda kikaanza kazi." Jenoveva alisoma mara mbili. Hata yeye, aliyekuwa akimfua mtu huyo soksi, alimwogopa kidogo.

Tabitha, mpiga chapa wa karibu na soko la Soni, alikuwa akitoza kwa ukurasa, na hakuwa na huruma kwa nafasi iliyobaki tupu chini. Jenoveva alimpelekea kuku tetea. Tabitha akampapasa kuku kifua, akasema huyu ni wa ukurasa mmoja na nusu. Mashine ikagonga. Mstari wa mwisho wa sivii ya fundi Tobia ulikatika kwenye neno "mwaminifu", kwa sababu kuku aliishia hapo, na Jenoveva akamsihi mpaka Tabitha akaongeza nukta.

Zile kurasa kumi na nne hakuzitupa. Alizikunja, akazitia chini ya godoro, upande wake.

*

Habari za sivii fupi zilitembea kambini haraka kuliko harufu ya samaki. Jioni hiyo hiyo mke wa Hezekia alipiga hodi na bakuli la maharage chini ya kanga. Mumewe naye alikuwa amekwenda Soni na rundo la kurasa, naye alikuwa amechekwa. Mama Wema amsaidie, jamani, yeye anayejua kukata. Wema alikuwa binti mkubwa wa Jenoveva, na hilo ndilo jina watu walilomwitia mama yake.

Nani angekataa? Na tuseme kweli, Jenoveva alilipenda lile neno, anayejua kukata. Kwa maisha yake yote kambini alikuwa mke wa fundi na muuza boha, ile pombe ya miwa, na hakuna aliyemwita kwa kitu alichokisoma. Hezekia alipokuja akamkalisha, akamuuliza kazi yake kubwa ilikuwa ipi. Hezekia akajikuna, akasema basi ni ile ya korongo. Alikuwepo, si uongo. Jenoveva akaandika.

Akaja Alphonce na unga. Kazi yako kubwa? Ile ya korongo. Wakaja wengine wa zamu, mmoja mmoja, wakiangalia nyuma kama wanaokwenda kwa mganga. Kila mmoja alipewa kurasa mbili, miaka kumi, jina lake peke yake, na kila mmoja alitaka korongo, maana ndiyo iliyokuwa nzuri. Maneno yalishakaa mkononi mwa Jenoveva, mkono ukawa unakwenda wenyewe: nilifufua boila.

Wa mwisho alikuwa Kassimu wa Vuga. Alikuja na kabichi mbili kutoka shambani kwa mkewe Amina, ambaye hakuwahi kuhamia kambini. Kassimu alikuwa analala huku siku za kazi kwenye chumba cha makapera na kupanda kwao kila Ijumaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye masikio makubwa, na mafundi walikuwa wakisema masikio hayo aliyapata dukani.

"Onga mshi," akasalimia kwa Kishambaa, na Jenoveva akamwitikia, "Ni vedi," kama walivyozoeana miaka yote.

"Nami niandikie kama ya Tobia," akasema. "Lakini usimwambie."

"Tobia yuko hapo nje kwenye gogo, amekuona ukiingia."

"Ndiyo. Usimwambie."

Wiki hiyo nyumba ilikula vizuri kuliko miezi yote ya karibuni. Tobia alitazama pakiti za sukari zilizopangwa juu ya kabati. Juu ya unga na maharage, karibu kila aliyekuja alikuwa ameongeza sukari, pengine bila kufikiri, pengine kwa kuwa mkono wa mtu wa zamu ya moto ulishajua sukari inalipia nini.

"Tunakula faini," akasema, akakoroga chai yake, akainywa.

*

Bwana wa kampuni alipanda kutoka Tanga siku ya Jumanne, zikiwa zimebaki siku chache tu kufika mwisho wa mwezi. Alikuwa Mtanzania, mnene, mwenye jasho la watu wa pwani hata kwenye baridi ile. Mafundi wa zamu ya moto waliitwa waingie wote kwa pamoja ofisini kwa Elinuru. Walifurahi. Walidhani watu wakiitwa pamoja wamepata pamoja.

Jenoveva alibaki dirishani, kati ya magunia ya mbolea, na aliona yote. Yule bwana alikuwa amezipanga sivii mezani kama karata, saba kwa mstari mmoja, akaegemea kiti.

"Kwemtindi kuna boila ngapi?"

"Moja, bosi," Hezekia akajibu.

"Korongo liliingia kiwandani mara ngapi?"

"Mara moja."

"Nani aliifufua boila?"

Wanaume saba wakatazama karatasi saba mezani, na kila mmoja akaiona ya kwake na ya mwenzake, neno kwa neno, na chapa ya Tabitha yenye herufi "a" iliyokatika mkia. Alphonce akaanza kusema kwamba, bosi, ilikuwa ni wote. Bwana wa kampuni akamwambia kwamba karatasi haisemi wote. Karatasi hii inasema mimi. Na hii mimi. Na hii. Boila moja ilikufa mara moja ikafufuliwa na watu saba, kila mmoja peke yake, mwenziwe hakumwona. Hata Lazaro hakusumbuliwa hivyo.

Elinuru alicheka kidogo kwa kumheshimu, akaona bwana hacheki, akafuta kicheko kwa leso.

"Nitaleta fundi kutoka Tanga," yule bwana akasema. "Nataka mmoja tu, anayejua mashine na asiyeniongopea. Nyie chukueni karatasi zenu."

Wakatoka. Hakuna aliyemtazama Jenoveva pale dirishani, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya, kwa sababu wote walijua yuko pale. Mke wa Hezekia alimpita karibu, akatema mate pembeni. Hakumtemea yeye, alitema pembeni tu, lakini pembeni kwenyewe kulikuwa upande wake.

Tobia alifika nyumbani akaanza kufungua vitanda. Alikuwa na bisibisi yake mwenyewe, na alitoa skrubu moja moja akazitia kwenye kikopo, ili popote watakapokwenda kitanda kiweze kusimama tena. Jenoveva alimwuliza wanakwenda wapi. Tobia akasema hajui, lakini kitanda kitakuwa tayari.

Alipoinua godoro, zile kurasa zikaanguka.

*

Asubuhi Jenoveva aliteremka Soni peke yake. Hakuaga. Alimkuta Elinuru anafagia, maana mfagiaji wake naye alikuwa na sivii kwa mtu mwingine. Akampigia magoti. Elinuru, ambaye kwao alikuwa na mama wa umri huo, alishtuka akataka kumwinua, wakawa wanavutana pale juu ya vumbi la mbolea, ufagio katikati.

"Soma hii, baba. Soma yote. Ndiyo ya kweli."

"Mama, bwana anaondoka mchana."

"Ndiyo maana nimekuja asubuhi."

Akakaa, akasoma. Naye alikuwa na lake: bila fundi kutoka kwake, kampuni isingempa chochote. Alianza kwa kurukaruka, kwa macho ya mtu anayetafuta pa kutokea. Kwenye ukurasa wa tatu akaacha kuruka. Kwenye habari za beringi iliyovaliwa kama mkufu akacheka, safari hii kweli. Alipofika kwa Rajabu alivua kofia, ingawa alikuwa ndani kwake na hakuna aliyemwona ila Jenoveva.

Jenoveva alikaa ukingoni mwa gunia akihesabu karatasi zinazohamia upande wa kushoto. Moyo wake ulikuwa unapanda nazo. Alishaanza kuona vitanda vimefungwa tena mahali pake.

"Hii ingekuja jana," Elinuru akasema mwishoni, "hakuna ambaye angeitwa mwongo. Humu kila mtu na kazi yake, na kila mtu na shahidi wake."

"Ulisema ni ndefu."

"Ni ndefu." Akarudi nyuma, akafunua kurasa kadhaa, akaweka kidole. "Mama, huyu Kassimu ni nani?"

Jenoveva akaacha kuhesabu karatasi.

"Kila mahali yupo," Elinuru akasema. "Na kila alipo ndiye anayejua mashine inaumwa nini. Hapa amesikiliza feni. Hapa amesikia mvuke unavuja kabla geji haijasema. Hapa amewaambia msiwashe, wakawasha, ikawaharibikia. Mzee Tobia amefunga nati, sawa, na amezifunga vizuri, lakini anayejua ni huyu. Yupo bado?"

Ilikuwa rahisi. Kwenye kurasa zile kulikuwa na marehemu mmoja tayari. Kuongeza wa pili kungekuwa neno moja tu. Au angesema amehama, amekwenda Mnazi kulima, hana anwani. Jenoveva alifungua mdomo, na mdomo ukakaa wazi kitambo, mpaka Elinuru akadhani anaumwa, akamtafutia maji. Alikuwa anamwona Kassimu amesimama mlangoni na kabichi zake, anasema usimwambie.

"Yupo," akasema. Halafu, haraka, kabla neno halijapoa: "Lakini ni wa Vuga. Ana shamba, ana nyumba kwao, mkewe analima. Hana shida kama sisi."

Elinuru akazikusanya kurasa, akazigonga mezani ziwe sawa.

"Mama, kampuni haiajiri shida," akasema. "Ingekuwa inaajiri shida, mimi ningekuwa tajiri."

Mchana bwana wa kampuni alizitazama. Hakuzisoma zote, alisoma pale Elinuru alipoweka kidole, na muda aliotumia haukuzidi sana ule wa kupenga kamasi. Mkataba wa fundi mmoja, Kassimu. Wengine, kama wakitaka, watachukuliwa vibarua wa siku, wa kubeba kuni, bila nyumba.

*

Jenoveva alimweleza mumewe bila kupunguza. Alimweleza hata lile neno lililokaa mdomoni likakataa kutoka. Tobia alikuwa amekaa kwenye gogo, kikopo cha skrubu mapajani, anakitikisatikisa.

"Alisoma zote kumi na nne?" akauliza.

"Elinuru? Zote."

"Na ya Rajabu?"

"Alivua kofia."

Tobia akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyelipwa, na Jenoveva akatamani kuchukua kile kikopo ampige nacho. Watoto wanne, mvua inanyesha, na mwanamume anafurahi kwa kuwa amesomwa.

Siku ya kutoka, karani wa kampuni alipita na kamba ya funguo. Aliwasimamia watoe vitu vyote: meza, vile vipande vya vitanda, pipa la boha, kuku wawili waliobaki, godoro. Majirani walikuwa na vya kwao vya kutoa, kwa hiyo hakuna aliyekuja kuangalia, na hilo lilisaidia kidogo. Karani akafunga mlango, akaujaribu kwa bega kama alivyoagizwa, akaandika nambari. Kisha akasema nyumba hii, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na kiwanda, ni ya fundi boila. Akamkabidhi ufunguo fundi boila, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, ameshika pakiti ya sukari kwa mikono miwili.

Karani alipokwisha kushuka, Kassimu hakujua aanzie wapi. Alimnyooshea Tobia ile sukari.

"Ni ya nini?"

"Karatasi yangu ilisema mimi," Kassimu akasema. "Hakuna birika tena. Sasa nitampa nani?"

Tobia akaipokea. Wanaume wawili wakatazama pakiti moja. Mwisho Kassimu akasema kwa sauti ya chini kwamba vyumba ni viwili, na yeye Ijumaa hupanda kwa Amina, na siku nyingine mtu mmoja halali kwenye vyumba viwili. Atachukua cha mbele, wao wabaki na cha nyuma. Alisema pia, akiangalia miguu yake, kwamba lile pipa shemeji alitafutie mahali, kwa sababu yeye anaswali humo ndani na hawezi kulala nyumba moja na pombe. Jenoveva akajibu kwamba amesikia. Lile pipa ndilo lililowalisha tangu mishahara ikatike, na ujira wa kubeba kuni usingefika hata nusu ya kipato chake, lakini alijibu kwamba amesikia, tena akasema asante, shemeji. Akalibingirisha mwenyewe mpaka kwa mke wa Hezekia, ambaye naye alikuwa nje na vitu vyake, akamwachia. Mke wa Hezekia alilipokea pipa kwa mguu lisiteremke bondeni.

Aliporudi na ndoo ya maji kichwani, vitanda vilikuwa vimeshaingizwa ndani na mlango ulikuwa umerudishwa. Alisikia bisibisi ikizungusha skrubu, na sauti ya Kassimu ikisema hapo, hapo panalia. Jenoveva alinyoosha mkono kuusukuma mlango kama alivyousukuma miaka yote ile, kwa goti na kiwiko, ndoo ikiwa kichwani. Mkono ukasimama njiani. Akashusha ndoo. Akajifunga kanga vizuri.

"Hodi," akasema.

Bisibisi ikanyamaza. Ndani walikuwa wanaume wawili, na kila mmoja alimsikia, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenziwe aseme karibu.